Spika ya Katikati

"Dada, hii CD yako imekufa. Tena imekufa kitambo."

Leodegar alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyezoea kupingwa, akaichomoa diski kwenye deki na kuirudisha juu ya kaunta. Nje, Mtaa wa Uhuru ulikuwa umefurika. Wamachinga walikuwa wanaimba bei, mkokoteni wenye friji ulikuwa umeziba njia, na kila duka la vifaa vya umeme lilikuwa limetoa sabufa mlangoni, kila sabufa na wimbo wake, mpaka mpita njia hajui acheze upi.

Mteja hakuichukua diski yake. Alikuwa msichana mrefu, amevaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa mwilini kama limezaliwa naye. Nywele alizisuka mistari akazifunga nyuma, na miwani ya jua alikuwa ameipandisha kichwani.

"Umeigeuza ukaisoma?" aliuliza.

"Nisome nini? CD inasomwa na deki."

"Basi leo isome kwa macho, kaka yangu. Haitakuuma."

Safari, muuzaji mwenzake aliyekuwa akipanga rimoti kwenye kabati la kioo, aliangua kicheko. Leodegar aliigeuza diski. Pembeni, kwa maandishi madogo ya buluu, ilikuwa imeandikwa Blu-ray. Joto likampanda shingoni. Yeye, aliyezoea kutamba kwamba Kariakoo nzima hakuna kitu chenye waya kinachoweza kumficha siri!

"Hii ni Blu-ray," alisema taratibu.

"Ahaa! Imefufuka?"

"Haikufa. Ilikuwa inangoja mwenye akili."

"Na amekuja?"

Leodegar alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Msichana alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeficha peremende shavuni. Akasahau kukasirika, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida. Safari alimjua kama kijana anayeweza kugombana na mvua.

"Naitwa Leodegar."

"Candida. Niko Mtaa wa Narung'ombe, duka la jumla la vyombo vya plastiki, kwa Mzee Tarsis. Ni baba yangu." Aliirudisha diski kwenye kasha lake kwa vidole viwili. "Kaka yangu Benedict ameituma kutoka Ujerumani. Ni jubilei ya ndoa ya wazazi wetu, ilifanyika nyumbani, Kibosho. Mkanda wenyewe ulikuwa umeanza kuoza, ndiyo kaka akausafishia huko na kuuhamishia kwenye diski hii. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa kwenye mitihani ya kidato cha sita. Sijawahi kusikia mama alisema nini."

"Si umuulize?"

"Amefariki."

Sabufa ya mlangoni ilikuwa inanguruma. Leodegar alinyoosha mkono akaizima, na duka likapata utulivu wa ghafla.

"Pole, dada."

"Asante. Mwezi ujao tuna misa ya kumbukumbu yake. Ndugu wote watakuja. Nataka baba amsikie. Nataka na mimi nimsikie."

"Nyumbani kuna nini?"

"TV bapa. Na hom thieta, spika tano na sabufa yake. Baba aliinunua mama alipoanza kuumwa, ili awe anasikiliza kwaya akiwa kitandani. Haikuwahi kufunguliwa. Iko kwenye boksi mpaka leo."

Leodegar alipanga mashine tatu juu ya kaunta, na madaha yake yakamrudia. Tangu mipaka ilipofunguliwa, meli za Dubai na za Guangzhou zilikuwa zinamwaga kila kitu Kariakoo, kizuri na kibovu, na kazi ya mtu kama yeye ilikuwa kujua kipi ni kipi.

"Hii usiiguse. Imetoka Marekani, imeundwa kwa umeme mdogo. Ukiichomeka kwenye umeme wetu utasikia harufu tu. Hii ya pili ndiyo wanayoipenda watu wa mjini, ona, ina taa za buluu zinazocheza."

"Mama yangu hakuwa disko."

"Basi hii nyeusi. Haina mbwembwe. Tundu hili la HDMI linapeleka picha kwenye TV, na hili la pembeni linapeleka sauti kwenye hom thieta. Hii ndiyo ningemnunulia mama yangu mimi."

"Sema kweli."

"Mimi siwezi kusema uongo mbele ya gauni la namna hiyo."

Nyuma ya duka, kwenye kiti chenye mto uliobonyea kwa umri, Mzee Jayant aliinua macho. Duka lilikuwa lake, na la baba yake kabla yake. Alizaliwa hatua chache kutoka hapo, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko cha wengi waliojiita watu wa Kariakoo.

"Wewe Leo, acha kuuza maneno, jaribu mashine," alisema. "Binti, hapa hakuna kitu kinachotoka bila kujaribiwa. Kikishavuka mlango, ni chako na Mungu wako."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya mtaa. Leodegar aliiunganisha mashine na spika za dukani, akaweka diski ya muziki, akafungulia sauti. Vioo vya kabati vilitetemeka. Msukuma mkokoteni aliyekwama nje akaanza kutikisa mabega. Safari akanyoosha kidole gumba: mashine nzima. Hivyo ndivyo walivyojaribu kila kitu siku zote, kwa muziki, tena muziki wa kutikisa mlango.

"Na ya kwako tuione," alisema Leodegar.

Candida aliitoa, akasita, akampa. Skrini iliwaka. Mwanamke mnene aliyevaa kitambaa kichwani alisimama mbele ya watu, akashika kipaza sauti, akafungua mdomo. Kabla neno halijatoka, Candida alibonyeza kitufe.

"Basi. Inasoma. Mama yangu hasikilizwi barabarani."

Leodegar hakujua kwamba sentensi hiyo ndiyo iliyomteka moyo. Alimwandikia namba yake nyuma ya kadi ya duka, "kwa tatizo lolote", na tatizo la kwanza likatokea kabla hajafunga duka.

"Fundi, rimoti inatumia betri za aina gani?"

"Ndogo, mbili. Utazikuta humo humo ndani ya boksi."

"Aa, kweli. Asante." Akasikia anapumua. "Na... umeshakula?"

Tatizo la pili lilikuwa kuhusu waya. La tatu halikuwa kuhusu chochote. Mwisho wa wiki walikuwa wameketi Feri kwenye benchi la muuza samaki, vidole vimeloa mafuta na ndimu, huku kivuko cha Magogoni kikimwaga watu wa Kigamboni mbele yao.

"Unakula kama unagombana na samaki," Candida alimwambia.

"Nakula kama mtu aliyekulia Mbinga. Sisi samaki tulikuwa tunamwona akiwa amekauka."

"Na ndizi?"

"Ndizi ni chakula cha Wachaga. Mimi ni mtu wa ugali."

"Utajifunza, mpenzi."

Neno hilo alilidondosha kama mtu anayedondosha leso, kisha akaendelea kuchambua mwiba. Leodegar aliliokota akaenda nalo mpaka chumbani kwake Buguruni, alikopanga pamoja na mafundi pikipiki wawili, akalilaza kifuani.

Kitu kimoja tu kilimkera. Wiki zilipita, na Candida hakuwahi kumtaja kwao. Wakikutana Narung'ombe alimsalimia kwa mbali. Simu ya baba yake ikiita, aliinuka akaenda kuipokea pembeni. Leodegar hakuuliza. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyejipandisha mwenyewe: alikuja mjini na begi moja, akajifunza waya kwa kuunguzwa nazo, na kila asubuhi alinyoosha shati jeupe hata kama hakupata chai. Mtu kama huyo hawezi kuomba atambuliwe. Hungoja, na huku anahesabu.

Jumamosi, siku moja kabla ya misa, Candida alimwita nyumbani kufunga hom thieta. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mahiwa. Mzee Tarsis alikuwa bado dukani, na shangazi wawili waliofika jana yake kutoka Kibosho walikuwa wamemfuata huko ili wakanunue naye mchele. Basi walikuwa wawili tu sebuleni, wamepiga magoti katikati ya waya na maboksi, wakicheka kwa sauti ya chini kama wezi.

"Nipe bisibisi."

"Sema tafadhali, bebi."

"Tafadhali, malkia wa Kibosho."

"Hii inaenda wapi?"

"Nyuma ya kochi, kulia. Ile nyuma, kushoto. Hizi mbili pembeni ya TV. Na hii ndefu inalala katikati, chini ya skrini. Hiyo ndiyo ya mwisho."

Aliiweka spika ndefu mahali pake. Akakata kipande cha waya, akazimenya ncha zake kwa meno, na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

Candida aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alijipangusa gauni, akarudi nyuma.

"Shikamoo, baba. Shikamooni, shangazi. Huyu... huyu ndiye fundi. Wa kufunga hom thieta."

Leodegar alikuwa bado amepiga magoti, waya mdomoni. Neno lile lilimwingia kwenye mbavu. Fundi. Si rafiki yangu, si Leodegar, hata jina hakupewa. Alisimama.

"Shikamoo, mzee. Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba." Mzee Tarsis alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye koti la kijivu na macho yasiyo na haraka. "Fundi wa wapi?"

"Wa pale kwa Jayant."

"Na kwenu?"

"Mbinga. Baba alishafariki. Mama yuko huko."

Mzee alitikisa kichwa. Alitazama spika, akatazama boksi tupu ambalo alilileta mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, kisha macho yake yakatua kwenye mkono wa binti yake, ambao ulikuwa bado umeshika bisibisi. Yalikaa hapo kidogo.

"Candida, ule mkungu ulioshuka jana na basi. Mletee fundi aende nao."

Ulikuwa mkungu mkubwa, mbichi, umetoka shambani kwa mzee mwenyewe, shina lake linachuruzika utomvu. Candida aliuburuta kutoka jikoni, macho chini. Leodegar aliutazama, akalitazama shati lake jeupe. Kwa hiyo ndiyo bei yake: kazi kwa ndizi, apitishwe mlango wa nyuma.

"Sili ndizi, mzee," alisema. "Na kazi yangu hulipwa dukani."

"Yesu wangu!" shangazi mmoja alinong'ona.

Mzee Tarsis hakuinua sauti. "Haya," alisema tu, kama mtu aliyefunga dirisha.

Leodegar alikusanya zana zake zote kwa mkupuo, akazitia kwenye begi, akashuka ngazi mbili mbili. Alikuwa hajafika Mtaa wa Msimbazi, simu ikaita.

"Leo! Umefanya nini?"

"Nimefanya ufundi. Si ndivyo ulivyosema?"

"Ulitaka niseme nini? Umepiga magoti, una waya mdomoni, shangazi zangu wamesimama mlangoni, huna hata mtu mzima mmoja pembeni yako! Kwetu mwanamume analetwa, Leo. Haokotwi sakafuni na binti. Ningekutaja vile, ungeonekana mhuni, na mlango ungefungwa siku ile ile."

"Mimi sina wa kunileta. Baba yangu yuko kaburini."

"Ungeniambia tutafute!"

"Ungeona aibu kidogo kidogo, Candida, tungezoea. Lakini umeona aibu yote kwa mara moja."

"Leodegar—"

Alikata. Simu iliita tena, ikaita na Jumapili asubuhi, ikaita na jioni. Aliitazama inavyocheza juu ya godoro, akaiacha.

Jumatatu Candida aliingia dukani. Hakuwa na miwani kichwani wala tabasamu la pembeni. Alikuwa amevaa nyeusi, na macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Ulifanya makusudi?"

"Nilifanya nini?"

"Jana tumetoka misa. Ndugu wote wamekaa, watoto wamekaa chini. Baba amevaa suti ya jubilei yenyewe, ile ile. Nikaiweka diski. Tukasikia vijiko. Tukasikia ngoma kwa mbali, upepo, watoto wanalia nyuma. Mama akasimama, akashika kipaza sauti, akaongea..." Sauti ilimkatika, akaishika tena. "Hatukumsikia. Mdomo unacheza, watu wote kwenye picha wanacheka, wanapiga makofi, na sisi hatujui wanachekea nini. Tumeongeza sauti mpaka vijiko vikawa kama radi. Mama hayumo. Baba aliinuka akaenda chumbani, hakutoka mpaka leo asubuhi. Umemnyamazisha mama yangu, Leo."

Duka zima lilikuwa linasikiliza. Na kwa kuwa lilikuwa linasikiliza, Leodegar alijibu kwa kichwa, moyo akauacha nyuma.

"Mashine nzima. Tuliijaribu hapa hapa, mbele yako, na kila mtu aliona."

"Tuliijaribu kwa muziki."

"Mashine haina kosa."

Candida alirudi nyuma hatua moja. "Mimi nimekuja na mama yangu, wewe unanijibu mashine." Akageuka. Kitenge chake cheusi kilimezwa na watu wa Mtaa wa Uhuru kabla Leodegar hajatoka nyuma ya kaunta.

Mchana huo alitumwa kufunga king'amuzi kwa mteja wa Jayant, mtaa wa pili. Alifungua begi kutafuta koleo, na mkono wake ukatoka na kipande cha waya. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo, ncha zote mbili zimemenywa, na alama za meno yake zilikuwa bado juu ya ganda.

Aliketi juu ya stuli ya watu.

Spika ya katikati. Hom thieta ile ilikuwa imepangwa hivi: muziki huenda pembeni, makelele ya watu huenda nyuma, lakini maneno, sauti ya mtu anayeongea, yote hutoka katikati. Aliilaza pale chini ya skrini, nzuri, imenyooka, haina waya. Waya aliuondoa na hasira zake. Nyumba nzima ilikaa ikaitazama spika isiyo na koo.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Mwisho akaandika ujumbe, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda vina tangu shule ya msingi, maneno yalikuja yamejipanga yenyewe:

*Sauti nimeizima, kwa hasira za kijinga,*
*Sasa moyo waniuma, natafuta wa kuganga,*
*Niruhusu kusimama, mlangoni sitaringa,*
*Niifungue ya mama, sauti niloifunga.*

Jibu lilichelewa mpaka akawa amerudi dukani. Lilikuwa fupi: "Mashairi hayaungi waya. Ukija, njoo na mtu mzima."

Alilisoma mara nyingi. Njoo. Neno lilikuwemo. Lakini mtu mzima wa kumtoa wapi? Alisimama nyuma ya kaunta, akalitazama duka, mpaka macho yake yakafika kwenye kiti chenye mto uliobonyea.

"Mzee Jayant."

"Sema."

"Nina kazi Mahiwa, kwa Mzee Tarsis. Nilikosea kufunga spika. Na..." Akalegeza kola ya shati. "Naomba unisindikize."

Jayant alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Nikusindikize kurekebisha spika, au kuoa?"

"Vyote, mzee."

"Tarsis namfahamu tangu anauza ndoo kwenye mkokoteni. Anajua mimi sinywi, anajua mimi sili nyama, sasa atajua mimi ni mshenga." Alirudisha miwani puani. "Safari, kachukue boksi la ladu pale Kisutu, zile tamutamu za siagi. Na wewe, Leo, uso huo uache hapa dukani. Kule unakwenda kuomba."

Walifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Jayant alitangulia ngazi, boksi la ladu mkononi, akipumzika kila ghorofa na kusingizia anatazama mandhari. Candida ndiye aliyefungua. Alikuwa amevaa lile gauni la manjano. Alimwona Jayant, akamwona Leodegar nyuma yake, akaziba mdomo kwa kiganja, na Leodegar hakujua ni kicheko au kilio.

"Karibuni," alisema. "Baba, kuna wageni. Wazee."

Salamu zilikuwa ndefu. Jayant na Tarsis waliulizana biashara, bandari, umeme wa mgawo. Shangazi walikuwa bado hawajaondoka, walikaa wamekunja mikono. Leodegar alingoja mpaka alipotazamwa, ndipo akasogea katikati ya chumba.

"Mzee, nilikuwa hapa Jumamosi iliyopita. Niliondoka kwa hasira, nikaondoka na waya wa watu. Kosa halikuwa la mashine. Lilikuwa langu. Naomba kwanza nimalize kazi."

Mzee Tarsis alinyoosha mkono kuelekea TV.

Alipiga magoti pale pale alipopiga siku ile. Mara hii hakuna aliyecheka. Aliingiza ncha moja nyuma ya spika ndefu, ncha ya pili kwenye hom thieta, akakaza. Candida aliweka diski, akabonyeza rimoti.

Vijiko. Ngoma kwa mbali. Mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani akasimama, akashika kipaza sauti.

"Watu mnaniuliza, Celina, mume huyu ulimtoa wapi?"

Sauti ilitoka katikati ya chumba, nzito, yenye kukwaruza kidogo, kana kwamba mwenyewe ameketi pale juu ya zulia. Candida alitoa mlio mdogo. Mzee Tarsis alishika mikono ya kiti.

"Mimi nilimtoa chini ya meza! Msicheke. Alikuja kwetu akajiita fundi wa redio. Uongo mtupu! Hata inapofunguliwa hapajui. Alikuwa anataka kuniona mimi. Kapiga magoti kutwa nzima chini ya meza ya baba, mimi namshikia bisibisi, mpaka redio ikafa kabisa, haijasema tena mpaka leo." Watu kwenye picha walicheka, na sasa na sebule ikacheka, kwa kuchelewa wiki nzima. "Baba yangu, mnamjua na mambo yake. Akamtazama huyu, akanitazama mimi na bisibisi yangu. Akasema, mleteeni mkungu wa ndizi. Kaka zangu wakaja juu: baba, ameua redio, unamlipa? Baba akasema, fundi ningempa hela yake akaenda zake. Huyu nampa mzigo, nione kama ataubeba. Basi Tarsis akautia kichwani, na lile shati lake jeupe la mjini, akaubeba mpaka barabarani, utomvu unamchuruzika mgongoni. Lile shati ninalo. Doa halijatoka, na mimi sitaki litoke."

Makofi yalijaa spika zote. Candida alibonyeza rimoti, picha ikasimama juu ya uso wa mama yake anayecheka.

Machozi yalikuwa yanamshuka Mzee Tarsis waziwazi, na alikuwa anacheka. Leodegar alikuwa bado amepiga magoti. Masikio yalikuwa yanamwaka moto. Mkungu ule. Kumbe siku ile mlango ulifunguliwa mbele ya uso wake, naye akaupiga teke akidhani amefungiwa.

Jayant alikohoa. "Sasa, Mzee Tarsis. Bado hatujasema hasa kilichotuleta."

"Umekuja na ladu, Jayant. Kwa spika mtu haji na ladu." Mzee alijifuta uso kwa leso. "Yale mengine tutaongea na mama yake huko Mbinga, taratibu. Candida."

"Abee, baba."

"Kuna mkungu?"

"Upo, baba. Umeshuka jana."

"Mletee fundi."

Candida aliuburuta kutoka jikoni kama siku ile, lakini safari hii macho yake hayakuwa chini. Leodegar alisimama. Aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti moja mbele ya mzee, akasema asante, kisha akauinua. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliutia begani, utomvu ukaanza kushuka mara moja, wa baridi, kutoka kwenye kola mpaka kiunoni.

"Eee!" shangazi yule yule alipiga kigelegele, na mwenzake akakidaka.

Walishuka ngazi, wakaingia mtaani. Msimbazi ilikuwa imejaa. Wamachinga walipomwona Leodegar wa kwa Jayant, yule wa mashati ya kunyooshwa, amebeba ndizi kama kuli, hawakumhurumia.

"Mangi mpya huyo!"

"Shemeji wa Wachaga! Ndizi bei gani?"

Siku nyingine angeshusha mzigo akawajibu mmoja mmoja.

"Haziuzwi!" alipaza sauti, meno yote nje.

Simu ikaita mfukoni. Mikono haikuwa na nafasi. Jayant, akihema nyuma yake, aliichomoa, akaibandika kwenye sikio la kijana na kutembea naye sambamba.

"Umefika wapi, mpenzi?" Ilikuwa sauti ya Candida.

"Msimbazi."

"Mzito?"

"Sitaushusha."

"Na shati?"

"Limekwisha kabisa. Mgongo mzima."

Kwa upande wa pili alisikia pumzi, kisha kicheko kizito, chenye kukwaruza kidogo, ambacho hakuwahi kugundua Candida alikitoa kwa nani.

"Usilifue, Leo," alisema. "Niletee mimi."